Amarilisi zikishamaliza kuchanua: acha majani, kata bua tu

Dada, hongera kwa maua. Umesema amarilisi zako za kwenye vyungu zimemaliza kuchanua, bua limesinyaa, majani yamerefuka mpaka yanalalia sakafu ya baraza, na mchangiaji mmoja kakwambia uyakate yote, ung'oe vitunguu (vile viazi vya ua vilivyo kwenye udongo) uviweke kwenye friji hadi mwakani. Ushauri huo ni wa tulipu, ua jingine la kitunguu. Tulipu bila wiki 12 hadi 16 za baridi haitoi ua la maana, ndiyo maana huku kwetu inasumbua. Amarilisi hizi asili yake ni Amerika ya Kusini, kwenye joto. Hazihitaji friji, na ukikata majani yakiwa mabichi umekata ua la mwakani.

Majani ndiyo yanayopika chakula kinachoshuka kwenye kitunguu, na ua huanza kuumbika humo ndani miezi mingi kabla hujaliona. Kwa kawaida kila yakitoka majani manne hivi, bua moja hupata nafasi. Kitunguu chenye majani mawili dhaifu kitakupa majani tena. Wanaolalamika kuwa "yangu ilichanua mara moja basi", wahoji vizuri, wengi watakwambia waliyafyeka ili baraza lipendeze. Yakilala, simika kijiti na uyafunge kwa kamba laini.

Cha kukata ni bua. Maua yakinyauka yaondoe mapema, pamoja na kile kivimbe cha kijani nyuma ya ua, maana kikiachwa kinakuwa tumba la mbegu na kinanyonya nguvu bure. Bua likianza kuwa njano, likate sentimita 3 hadi 5 juu ya shingo ya kitunguu. Ni tundu tupu ndani na litatoa maji mengi, usishtuke. Kile kisiki usikivute. Kiache kikauke, baadaye ukikizungusha kidogo kinatoka chenyewe. Kama una vyungu kadhaa, futa kisu kwa spiriti kabla ya kuhamia kingine. Kuna virusi vinavyoacha mabaka ya njano kwenye majani, vinasafiri na utomvu, na havina dawa.

Baada ya hapo ni kulisha. Weka chungu penye jua la asubuhi, mwagilia udongo wa juu ukikauka, na usimimine maji kwenye shingo. Mimi natumia samadi iliyoiva vizuri, na kila baada ya wiki mbili tatu mbolea ya dukani ya NPK 17-17-17, kijiko kimoja cha chai kwenye lita 5 za maji. Mbolea ya urea achana nayo, utapata majani manene ya kujivunia kwa majirani na ua huoni. Theluthi ya kitunguu iwe juu ya udongo, na chungu kisiwe kikubwa. Vidole viwili kati ya kitunguu na ukingo vinatosha.

Jioni kagua chini ya majani. Kuna kiwavi mweusi mwenye mabaka ya njano anayependa sana jamii hii ya maua. Wanaanza wakiwa kundi, wanatoboa jani na kula nyama ya ndani, unaona tu ngozi nyembamba kama karatasi. Wasipozuiwa wanashuka hadi kwenye kitunguu na hapo umekipoteza. Waokote kwa mkono uwatie kwenye maji ya sabuni, inatosha kuliko kukimbilia dawa.

Mapumziko ndiyo sehemu inayobishaniwa. Huku Arusha napunguza maji kuanzia mwezi wa 6, kisha nasimamisha kabisa na kusogeza vyungu chini ya paa, vikae vikavu wiki 8 hadi 10. Majani yanageuka njano yenyewe. Jani likivutika bila kushikilia, litoe. Karibu na vuli namwagilia mara moja vizuri, halafu nasubiri ncha itokee ndipo naendelea. Ikiwa nene na bapa, yenye ncha kama mkuki, hilo ni ua. Dar joto halishuki kihivyo, majani yanaweza yasikauke kabisa, na zipo zinazochanua bila kupumzika. Huko usizilazimishe sana, zipe ukavu tu.

Jambo la friji lina hatari nyingine. Kitunguu hiki ni sumu, kikiliwa kinaleta kutapika na kuharisha, na kwa sura kinafanana mno na kitunguu maji. Jikoni kisikanyage. Mbwa na mbuzi pia wasikifikie.

Vitoto vinavyoota pembeni viache kwa mama mpaka vifikie kama theluthi ya ukubwa wake, kisha vitenge. Vitachukua miaka miwili au zaidi kuchanua.

Umegusia pia lile ua la porini, tufe jekundu linalotoka mvua zikianza. Hilo ni la kwetu hapa Afrika na lina utaratibu wake: ua hutangulia, majani hufuata, kiangazi yanakauka yote. Usidhani limekufa ukafukua, maana halipendi mizizi kuguswa. Chomeka kijiti mahali lilipo, ili kijana wa bustani asilipige jembe mwezi wa 8.