Kejeli Itokayo katika Nchi Isiyokuwepo

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi. Tumefundishwa kwamba riwaya za yutopia (za jamii bora ya kubuni) na za distopia (za jamii ya kubuni iliyooza) ni tashtiti, yaani hukosoa jamii kwa kuikejeli. Mambo mawili yananitatiza. Nchi ambayo haipo itaikosoaje nchi iliyopo? Na riwaya ya kutisha, isiyochekesha hata kidogo, itaitwaje tashtiti?

JIBU: Ndugu msomaji, swali lako la kwanza linajibiwa na kitabu kilichotupa neno lenyewe. Thomas More alikichapisha kwa Kilatini mwaka 1516, na jina la kisiwa chake, Utopia, limeundwa kwa Kigiriki likiwa na maana ya mahali pasipokuwepo. Kina sehemu mbili, na wasomaji wengi hukimbilia ya pili inayosimulia maisha ya kisiwani. Nakusihi usiiruke ya kwanza. Humo msafiri Raphael Hythlodaeus analalamika kwamba kondoo wa Uingereza, waliokuwa wapole, sasa wanakula watu: wenye ardhi wameyazungushia mashamba ua ili wafuge kondoo wa sufu, wakulima wamefukuzwa, na wanapoiba kwa njaa wananyongwa. Ukishayasoma hayo, kila desturi ya kisiwani utaisoma kama shitaka dhidi ya Uingereza ya mwandishi.

Chukua dhahabu. Watu wa Utopia huitumia kutengenezea vyombo vya kujisaidia na minyororo ya watumwa, na lulu huwavisha watoto wadogo, ambao huzitupa wenyewe wanapokua. Siku moja wanafika mabalozi wa nchi ya mbali, wamevaa mikufu ya dhahabu na vito vinavyometameta. Wenyeji wanawaamkia kwa heshima watumishi waliovaa vibaya kuliko wote, wakidhani hao ndio wakubwa, ilhali mabalozi wenyewe wanadhaniwa kuwa watumwa. Mtoto mmoja anamshtua mama yake amtazame yule baradhuli mkubwa ambaye bado anavaa lulu kama mtoto. Mama anamnyamazisha, akidhani ni mchekeshaji wa msafara. More hahitaji kusema kwamba wakuu wa Ulaya wanajikweza kwa mapambo, kwa kuwa macho ya mtoto asiyefundishwa kuiheshimu dhahabu yameshayasema yote. Hata hivyo, kisiwa hichohicho kina watumwa, na ndiyo maana siamini kwamba kilikusudiwa kuigwa chote kama kilivyo.

Mbinu hii ya kuipindua desturi ili tuione upya iliendelea kutumika. Katika riwaya ya Samuel Butler ya mwaka 1872, *Erewhon*, mgonjwa wa kifua kikuu anahukumiwa kifungo cha maisha na kazi ngumu, ilhali aliyeiba fedha za watu anahurumiwa na kutibiwa. Msomaji hulazimika kujiuliza ni makosa mangapi tunayoyaadhibu ambayo kwa hakika ni maafa tu.

Kuhusu swali la pili, tashtiti haidai kicheko. Inachodai ni upuuzi uoneshwe wazi kiasi kwamba msomaji hawezi tena kuukubali. Katika riwaya ya George Orwell ya mwaka 1949 kuhusu mwaka 1984, Wizara ya Ukweli hutunga uongo na Wizara ya Amani huendesha vita. Inatangazwa kwamba mgawo wa chokoleti utapunguzwa kutoka gramu 30 hadi 20 kwa wiki. Siku ya pili inatangazwa kwamba watu wameandamana kumshukuru kiongozi kwa kuuongeza hadi gramu 20. Winston Smith, ambaye kazi yake ni kuyaandika upya magazeti ya zamani, ameketi katika mkahawa wa wizara akiwatazama wenzake wakiimeza habari hiyo bila shida. Tukio hili limeundwa kama kichekesho kamili. Kinachokosekana ni mtu aliye huru kucheka. Orwell hakuwa akibashiri, bali alikuwa akiutazama Umoja wa Kisovieti wa Stalin na propaganda za vita vilivyokuwa vimekwisha mwaka 1945, akazisukuma mbele hadi mwisho wake. Ninaona kwamba wanaokisoma kitabu hicho kama utabiri tu wanaipoteza kejeli yake.

Ukitaka mfano uliotungwa kwa Kiswahili, soma *Walenisi* ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995. Kabla hujakifungua kitabu, litamke jina lake polepole, silabi kwa silabi, nawe utasikia ni nani wanaosimuliwa: wale ni sisi.