Meno ya juu yameoza, ya chini mazima

SWALI: Assalaam aleykum dokta, mimi mama wa watoto watatu nipo Wete. Huyu mdogo ana miaka minne, meno ya mbele ya juu yamekuwa kahawia yanamegeka mpaka yamebaki vigutu, ya chini mazima kabisa! Pipi simpi, nimepiga marufuku ndani ya nyumba. Chupa tu ndo hajaacha, usiku halali mpaka apate chai yake ya maziwa. Bibi yake ananambia nisijisumbue, meno ya utoto hayo yatang'oka tu. Jee ni kweli? Na huyo mdudu wa jino yupo?

JIBU: Waaleykum salaam mama. Ya juu yameoza na ya chini mazima, basi hapo chupa ya usiku ndo ya kwanza kushukiwa. Mtoto akilala na chuchu mdomoni chai inabaki kwenye meno ya juu, ya chini yanafunikwa na ulimi na mate yanatokea hapo hapo chini ya ulimi yanayaosha. Na mtu akilala mate yanapungua, kwa hivo sukari inakaa hapo mpaka alfajiri.

Mdudu hayupo. Walopo ni bakteria, huwaoni kwa macho, wanakula sukari wanatoa asidi na asidi ndo inayolainisha jino. Kila akionja kitamu ile asidi inafanya kazi kama nusu saa hivi ndo mate yaitulize. Sasa angalia siku ya mtoto wetu, chai na andazi asubuhi, skuli barafu ya rangi, mapumziko ubuyu, akirudi juisi, akitoka chuoni visheti, meno yatapumzika saa ngapi? Mimi kipande cha halua baada ya chakula kikaisha sigombi nacho sana, nagomba na ule ubuyu wa mfukoni anaomung'unya mojamoja toka asubuhi mpaka alasiri, tena una sukari na ukali wake wenyewe juu yake.

Bibi yake kasema kweli lakini nusu. Ya mbele yanaanza kung'oka miaka 6 hivi, ila magego ya utoto yanakaa mpaka miaka 10 hadi 12, na jino likitunga usaha mtoto hali halali, na linaweza kumharibia la ukubwani lililo chini yake. Halafu kwenye hiyo miaka 6 linachomoza gego nyuma kabisa bila ya jengine kung'oka, wazee wengi wanadhani la utoto wanaliwacha lioze, kumbe hilo ndo la kudumu!

Chupa iwache, wa miaka minne anywe kwa kikombe. Kama hakubali ghafla punguza sukari na chai kidogo kidogo kila usiku mpaka yabaki maji matupu, atalia siku mbili tatu, mvumilie. Dawa ya meno iwe ya floraidi, kiasi cha punje ya njegere, asubuhi na kabla ya kulala, na umsugue wewe mwenyewe maana mkono wake haufiki huko nyuma, ateme tu asisukutue kwa maji mengi. Baada ya hapo ni maji tu mpaka asubuhi.

Kwa daktari wa meno mpeleke wiki hii, hata kama hayaumi. Ukiona kipele cha usaha kwenye ufizi au anaamka usiku analia jino, basi kesho asubuhi.