Maswali na majibu: Ajasta, fundi wa paa na asilimia kumi

Msimu wa mvua ya mawe umefika Texas na maswali ya bima ya nyumba yamenijaa tena. Nimechagua machache, mengi juu ya ajasta, yaani mkadiriaji wa hasara kwenye madai ya bima. Mnaouliza "nifanyeje bima inilipe" bila kusema kilichoharibika, lini, na kampuni imejibu nini, nimewaacha. Sipigi ramli.

Jirani anasema niajiri pablik ajasta kabla sijapiga simu kwa kampuni ya bima. Ni sawa? (Mama wa Katy)

Hapana, mama. Toa taarifa mwenyewe, leo. Piga picha kabla ya kugusa kitu, funika paa kwa turubai, tunza risiti ya turubai. Kampuni itamtuma ajasta wake, ambaye analipwa na kampuni hata akijitambulisha kama "wa kujitegemea". Pablik ajasta ndiye anayelipwa na wewe, akujadilie madai yako na kampuni. Huwezi kujua kama unamhitaji kabla hujaona kampuni imekubali nini kwa maandishi.

Wapo wanaomhitaji kweli. Moto umekula nusu ya nyumba, au mabomba yamepasuka kama yalivyopasuka kwenye baridi ya Februari 2021 na maji yameingia vyumba vinne, orodha ya vitu ina kurasa, na wewe unafanya zamu mbili. Hapo ajasta mzuri anastahili kila senti. Vigae kumi na viwili vya paa si kesi ya namna hiyo.

Bima imenikadiria dola 18,000 za paa. Ajasta anasema atapandisha, na anataka asilimia 10 tu. Si kidogo? (Baba wa wawili, Arlington)

Kidogo cha nini, kaka? Asilimia 10 ya malipo ndicho kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa na sheria ya Texas. Hajakupunguzia kitu.

Chukua kalamu. Akipandisha madai hadi 19,500, na mkataba ukisema asilimia 10 ya malipo yote, anaondoka na 1,950. Unabaki na 17,550, yaani umemlipa mtu akupunguzie hela. Lazima afikishe 20,000 ndipo urudi pale ulipokuwa kabla hajabisha hodi. Kwa hiyo mwambie aandike kwamba ujira wake unahesabiwa kwenye nyongeza peke yake, si kwenye fedha ambazo bima ilikwishazikubali. Wapo wanaokubali. Asiyekubali, muage.

Na kabla ya kumwita yeyote, soma yale makadirio mstari kwa mstari. Kuna safu ya gharama ya kuweka kipya, safu ya uchakavu uliokatwa, na safu ya kinachobaki. Watu wanaona hundi ndogo wanapiga kelele wameibiwa, kumbe kama bima yao ni ya gharama kamili, ile fedha ya uchakavu imeshikiliwa tu mpaka kazi iishe na risiti zifike. Hiyo ni yako. Usimpe mtu asilimia aifuate. Kama ulichagua bima ya bei nafuu inayolipa thamani ya leo, paa la miaka 15 litalipwa kama paa la miaka 15, na hakuna ajasta wa kulibadilisha hilo.

Kisha tafuta kilichosahaulika: bati la ukingo wa paa, vifuniko vya matundu ya hewa, mifereji ya maji, dari ya chumba cha nyuma iliyolowa. Mistari miwili mitatu ikikosekana, tuma picha pamoja na makadirio ya fundi, omba ukaguzi wa pili. Mara nyingi inatosha, na ni bure.

Fundi wa paa amesema atazungumza na bima yeye mwenyewe, na ile sehemu ninayotakiwa kujilipia atanisamehe. Nikubali? (Dada wa Irving)

Mambo mawili, na yote mawili ni kinyume cha sheria. Fundi anayejenga paa lako haruhusiwi kukujadilia madai ya paa hilohilo. Kampuni moja ya mapaa, Stonewater Roofing, iliipinga sheria hiyo hadi Mahakama Kuu ya jimbo, ikashindwa mwaka 2024. Fundi anaweza kueleza kazi yake na bei zake, basi.

Ule msamaha nao umepigwa marufuku tangu Septemba 2019. Kampuni ya bima inaweza kukudai ushahidi kwamba ulilipa sehemu yako kabla ya kutoa fedha iliyoshikilia. Utaonyesha nini, dada? Na unadhani hiyo "zawadi" inatoka mfukoni mwake? Inatoka kwenye unene wa vigae vyako.

Nitajuaje kama ajasta ana leseni?

Andika jina lake kwenye tovuti ya Idara ya Bima ya Texas. Nimejibu hili mwaka jana na mwaka juzi.

Nilisaini jana jioni, mvua bado inanyesha, alikuja mlangoni. Sasa najuta. (Mzee wa Pasadena)

Shikamoo, mzee wangu. Una saa 72 tangu kusaini. Mwandikie kwamba unavunja mkataba, tuma kwa njia inayoacha kumbukumbu, leo hii. Na kumtafuta mteja huku dhoruba bado inaendelea ni kosa kwa sheria ya Texas. Mshtaki kwenye Idara hiyohiyo ya Bima.

Maji ya mafuriko yameingia sebuleni. Ajasta anadai atayaingiza kwenye bima ya nyumba.

Mfukuze. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Wakazi wa Houston walijifunza kwa uchungu wakati wa kimbunga Harvey, 2017. Mafuriko yana bima yake ya serikali kuu, jengo hadi dola 250,000, na kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua. Ukisubiri utabiri wa kimbunga, umechelewa. Kama unayo, fomu ya kiapo cha hasara inatakiwa ndani ya siku 60, na tarehe hiyo ni jukumu lako hata ukiwa na ajasta watano.

Hundi imekuja na jina la benki pamoja na langu. Ni utapeli?

Hapana, ni benki iliyokupa mkopo wa nyumba. Pigia benki uulize wanaiachiaje, maana nyingi hutoa fedha kwa awamu kadiri ukarabati unavyokaguliwa. Mwambie fundi hilo kabla hajashusha vigae uani kwako.