Daktari wa kumpasua mama mguu, namchunguzaje?
Dada, kabla mama hajapasuliwa hicho kinundu cha kidole gumba, anza na sajili ya NPI (namba za utambulisho za watoa huduma za afya) ya serikali ya Marekani, bure kabisa, andika jina la daktari na jimbo utapata namba yake ya tarakimu 10 na fani aliyojiandikishia mwenyewe. Na hiyo namba nenda kwenye data za Medicare, bima ya afya ya serikali hasa ya wazee, zinaonyesha huduma alizodai malipo mwaka mzima, ukikuta msururu wa msimbo wa huduma 11721 hiyo ni kupunguza kucha tu, wewe tafuta misimbo ya upasuaji wa kinundu kama 28296. Ila usiseme fasta hajui kazi, huduma yenye wagonjwa chini ya 11 wanaificha, na wagonjwa wa Medicare Advantage, yaani mipango ya Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi, hawamo. Afu chungulia Open Payments, tovuti ya serikali ya malipo ya kampuni kwa madaktari, kampuni za skrubu na vyuma zikimlipa huwa inaonekana.