Usimwandikie bosi kwamba wewe ni "boring"

Mkuu, hiyo barua ya kuomba kazi uliyotuwekea hapa tuikague, usiitume! Umeandika "I am boring in my current job" ukitaka bosi mpya ajue kazi yako ya sasa inaboa. Yeye atakachoelewa ni kwamba unayeboa ni wewe, kwamba ukifungua mdomo watu wanapiga miayo.

Mimi sentensi hiyo hiyo ilinikosesha kazi. Ulikuwa usaili wa mapokezi, hoteli moja ya ufukweni huko Unguja. Mambo yalikwenda vizuri hadi mama mmoja kwenye jopo akauliza kwa nini nataka kuacha nilipo. Nikajibu kwa kujiamini, "Because I am very boring there." Akaweka kalamu chini, akarudia taratibu, "You are boring?" Alikuwa ananipa nafasi ya kujirekebisha. Mimi nikadhani hajasikia vizuri, nikamkazia: "Yes, madam. Every day." Mwenzake akainamia makaratasi. Kazi yenyewe ni ya kupokea wageni kwa bashasha, nani angenichukua baada ya hapo?

Aliyenipoteza ni mwalimu wa tuisheni. Alitukaririsha kwamba "-ing" ni ya sasa na "-ed" ni ya jana, basi, na ada alichukua kila mwezi bila kukosa. Kwa vitenzi hiyo kanuni inasaidia. Lakini "boring" na "bored" hapa ni sifa, hazina habari na jana wala leo! Ukisema "I am bored" umeboeka sasa hivi, umekaa hapo hapo. Na Kiswahili kingemrahisishia kabisa: kuna kuchosha na kuna kuchoka. Hakuna mtoto wa darasa la pili anayechanganya "nachosha" na "nimechoka". Angetuanzishia hapo tu, dakika mbili zingetosha.

Kwa hiyo shika hili: kinachoboa kinachukua "-ing", aliyeboeka anachukua "-ed". Kazi ni "boring", wewe ni "bored". Ndivyo ilivyo kwa "tiring" na "tired", "confusing" na "confused", "interesting" na "interested". Kila ukiandika "I am" ikafuatiwa na "-ing" ya namna hii, jiulize: mimi ndiye ninayewafanyia wengine hivyo?

Hiyo "dull" uliyofikiria kuiweka badala yake, iache. Inabeba kisu butu, anga la mawingu, maumivu ya chinichini, na ukimwita mtu hivyo unaweza kuwa umesema ana akili nzito.

Tena hata "bored", ingawa ni sahihi, usimwandikie mwajiri. Atajiuliza kwake utachoka lini. Andika "I am looking for more challenging work". "Looking" hapo ni kitenzi, haina shida. Ila umeona "-ing" ya "challenging" imekaa kwenye kazi? Ndiyo inayokupa changamoto.

Mambo ya kutaja mshahara na wadhamini uliyouliza, waliobobea watakuja kukujibu. Wewe futa hiyo sentensi kwanza.