Una kisukari na unahama kazi? Uliza bima kabla ya kusaini

Ndugu zangu wa Kusini mnaotoka serikalini kwenda kampuni binafsi, hasa hapa Mtwara ambako saruji, gesi na bandari vinavuta watu, mshahara mnono usiwasahaulishe bima. Mimi nina kisukari na presha, dawa ni za kila siku. Kampuni moja iliponiita, kabla ya kuuliza posho niliuliza kama bima yao itanitibu magonjwa niliyokuja nayo.

NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya tuliomo watumishi wa serikali, ilikuwa rahisi. Unakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri naye anaweka 3, na mtumishi hakataliwi kwa sababu ya ugonjwa alionao. Bima binafsi ni mkataba wa mwaka wenye masharti yake. Afisa utumishi aliniambia, "Usijali kaka, bima ipo, tena nzuri." Nikamwomba jedwali la mafao nilisome mwenyewe. Karibu na mwisho palikuwa na mstari mmoja: magonjwa sugu yaliyokuwepo kabla ya kujiunga yatalipiwa baada ya kipindi cha kusubiri, tena kwa ukomo mdogo kuliko matibabu mengine. Kwa mwenye kisukari, mstari ule ndio bima yenyewe. Malaria nitajilipia. Dawa za kila mwezi na vipimo vya figo na macho ndivyo vinavyommaliza mtu.

Nikaomba kwa maandishi waniondolee kipindi hicho. Niliambatanisha barua ya mwajiri wa zamani kwamba bima yangu haikuwahi kukatika, na nakala za daftari langu la kliniki. Wakakubali, ndipo nikasaini. Si kila kampuni itakubali, lakini ukishasaini nguvu ya kudai inapungua sana.

Fomu ya afya ijaze kweli. Wapo wanaoandika "sina" kwa kuogopa kukosa kazi. Siku ukilazwa, faili lako likionyesha kisukari cha miaka, bima ina haki ya kukataa kulipa, na deni litaangukia familia.

Kwa sisi wa huku, angalia pia orodha ya hospitali. Kadi inaweza kuwa ya daraja la juu halafu hospitali zake nyingi ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Tazama kama Ligula, Hospitali ya Kanda pale Mitengo, Ndanda na Nyangao zimo.

Kadi ya zamani ikifungwa, mpya huweza kuchelewa. Kwa hiyo nenda kliniki mapema, kadi ingali hai, mweleze daktari kwamba unahama, upime na uchukue dawa za kukuvusha.

Na kama mama yako yumo kwenye kadi ya sasa, ulizia habari zake kando. Bima nyingi za kampuni huishia kwa mwenza na watoto, na zinazopokea wazazi mara nyingi huweka ukomo wa umri.