Gari Linatetema, Gari Linalia: Majibu kwa Wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Nimenunua Subaru Impreza WRX iliyotumika, ya mwaka 2004, gia za mkono. Mjini halina shida. Nikitoka kuelekea Makambako, kwenye 90 usukani unaanza kutetema, 105 unatetema kweli, nikivuka 115 unapungua. Fundi mmoja amebadilisha tairodi (fimbo zinazogeuza magurudumu), mwingine anasema ni mauntingi za injini (raba zinazoishikilia). Fedha zimekwenda na tatizo lipo palepale.
Msomaji, Mafinga

JIBU: Kaka, usinunue kifaa kingine kwanza. Mtetemo wenye kasi yake maalumu unafuata mzunguko wa kitu fulani, na kazi ya kwanza ni kukijua kitu hicho. Tairi la 215/45R17 lina mzingo wa karibu mita 1.96. Kwa kilomita 100 kwa saa gari linakwenda mita 27.8 kwa sekunde, maana yake gurudumu linazunguka kama mara 14 kila sekunde. Mtikisiko wa namna hiyo mkono unaukamata: usukani unacheza kushoto na kulia. Propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma), ikiwa difu (gia za ekseli) ina uwiano wa karibu 4 kwa 1, inazunguka zaidi ya mara 50 kwa sekunde. Hiyo haitikisi usukani, inavuma sakafuni na kwenye kiti. Injini inafuata mshale wa RPM (mizunguko yake kwa dakika) na haina habari na kasi ya barabarani.

Kwa hiyo tafuta kipande cha barabara tambarare, kilichonyooka, kisicho na magari mengi. Shika kasi ile inayotetema ukiwa gia ya tano, kisha rudi ya nne kwa kasi ileile. RPM imepanda, kasi haijabadilika. Mtetemo ukibaki vilevile, injini na mauntingi zake hazihusiki. Jaribio hili lisifanywe kwa kuzima injini gari likiwa linakwenda, maana usukani unakuwa mzito na msaada wa breki unaisha baada ya kukanyaga mara chache.

Kwa maelezo yako tunaamini ni magurudumu ya mbele. Anza na jambo lisilo na gharama, yaani udongo. Wakati wa mvua udongo mwekundu wa barabara za mashambani Mufindi hujaa ndani ya rimu, upande ule usioonekana, ukakauka na kushika kama sementi. Gramu 30 tu ukingoni mwa rimu zinatosha kuutikisa usukani. Maji ya kuoshea gari hayafiki kule vizuri. Vua gurudumu, lilaze, kwangua kwa kijiti cha mbao na kumalizia kwa brashi, na angalia kama kuna alama ya gundi mahali ambapo risasi ya balansi (kipande cha uzito cha kusawazisha gurudumu) imebanduka.

Kisha peleka kwenye balansi, na simama hapo uangalie. Gurudumu likizungushwa kwenye mashine, tazama ukingo wa rimu, siyo namba za kwenye kioo. Ukingo ukipanda na kushuka zaidi ya milimita 1 hivi, rimu imepigwa na shimo, na hakuna risasi itakayoiponya. Mashine ikidai gramu 80 au zaidi upande mmoja, mwambie fundi atoe upepo, azungushe tairi nusu duara juu ya rimu, apime upya. Mara nyingi uzito unashuka sana.

Lililobaki ndilo linalosahaulika zaidi kwenye Subaru. Habu (kitovu kinachoshika gurudumu) ya gari lako ina kipenyo cha milimita 56.1, nati ni tano kwenye duara la milimita 100. Rimu nyingi za dukani zina tundu la kati la milimita 73.1, hivyo zinahitaji ringi ya kati ya 73.1 kwa 56.1, bila hiyo rimu inaning'inia kwenye boliti na haikai katikati. Rimu za Toyota za duara hilohilo la 100 zina tundu la 54.1, haziingii mpaka zichongwe, na tundu lililochongwa kwa grainda ya mkono haliwi duara tena. Gurudumu la namna hiyo litapita kwenye mashine ya balansi likiwa safi, na barabarani litatetema. Nati nazo zichunguzwe: Subaru hutumia uzi wa milimita 12 kwa 1.25, Toyota 12 kwa 1.5, na nati ya Toyota iliyolazimishwa kwenye Subaru inaharibu uzi. Kaza kwa msalaba, kwanza gurudumu likiwa juu, kisha malizia kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), karibu Nm 100. Rudia kukagua baada ya kilomita 50 hadi 100.

Tairodi iliyochakaa huukuza mtetemo. Ni nadra sana kuuzaa.

SWALI: Nina Mark X ya 2.5. Nikishuka Kitonga kwenda Ruaha Mbuyuni, katikati ya mlima pedali ya breki inarukaruka na usukani unatetema. Niliambiwa diski zimepinda, nikazichongesha, baada ya mwezi hali imerudi. Tena nikisimama kwenye foleni gia ikiwa D, gari zima linatetema.
Msomaji, Ipogolo, Iringa

JIBU: Haya ni mambo mawili, tuyatenganishe.

La breki: diski yako huenda haijapinda hata kidogo. Kinachorusha pedali ni unene usiolingana, na tofauti ya milimita 0.02 tu mguu unaisikia. Unene huo huharibika polepole. Uso wa habu ukiwa na kutu au uchafu, diski inakaa upande. Kila mzunguko sehemu ileile inagusa pedi hata usipokanyaga breki, inalika, mpaka inakuwa nyembamba kuliko nyingine. Ukichonga diski na kuirudisha juu ya kutu ileile, umeuanza ugonjwa upya. Tunadhani hilo ndilo lililokupata.

Diski ikivuliwa, habu isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, pamoja na mgongo wa diski. Irudishwe na nati zote tano zenye washa, kisha fundi aweke daili geji (saa ya kupimia mchezo mdogo) kama milimita 10 kutoka ukingoni na kuizungusha kwa mkono. Mchezo uwe milimita 0.05 au chini yake. Ukizidi, hamisha diski tundu moja mbele na upime tena kabla ya kuilaumu. Unene upimwe kwa maikromita sehemu nane za mzunguko. Kiwango cha chini kimeandikwa kwenye diski yenyewe. Ikiwa imefika hapo, nunua mpya, usichonge. Pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) zivutwe, zisafishwe na zipakwe grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mpira, kalipa inakwama na pedi inabaki imebana.

Halafu namna ya kushuka. Weka gia ya chini, ya tatu au ya pili, kabla mteremko haujaanza, si ukiwa umeshaemewa. Kanyaga breki kwa nguvu ya kutosha, punguza mwendo, achia ipoe. Kuburuza breki mlima mzima ndiko kunakoichoma. Ukifika chini, usisimame ukiwa umeikandamiza pedali diski zikiwa za moto, maana pedi huacha chapa yake palepale na chapa hiyo nayo hutetema. Wala usiwaruhusu vijana wa kuosha magari wazimwagie maji. Kama pedali inazama na kuwa laini badala ya kuruka, hiyo ni hatari kubwa zaidi: oili ya breki imechemka. DOT 3 (daraja la kawaida la oili ya breki) mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya unyevu kiwango kinaweza kushuka hadi 140. Ibadilishwe yote kila baada ya miaka miwili.

Diski zikipimwa na kukutwa salama, na usukani bado unatetema ukifunga breki, kagua bushi za mikono ya chini ya mbele, hasa ile ya nyuma yenye mpira mkubwa.

La foleni: weka N. Mtetemo ukitoweka, shuku mauntingi. Zuia magurudumu, mtu akanyage breki kwa nguvu, boneti ikiwa wazi, abadilishe D na R huku wewe ukiangalia ukiwa pembeni, kamwe si mbele ya gari. Injini ikinyanyuka sentimita mbili tatu, mauntingi imekwisha. Mtetemo ukibaki hata kwenye N na una mapigo yasiyo sawa, injini inamisi (silinda moja haiwaki vizuri): soma kodi za hitilafu kwa mashine ya uchunguzi, P0301 hadi P0306 zitakutajia silinda. Injini ya 4GR-FSE, iliyo kwenye Mark X yako, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti kwenye valvu za hewa na haiwezi kuziosha, kwa hiyo masizi hujijenga hapo. Dawa iliyotiwa kwenye tangi haifiki huko. Hufunguliwa na kusafishwa.

SWALI: Kila nikipita tuta, mbele kunagonga kwa sauti ndogo ya haraka. Ni Altezza.
Msomaji, Uyole

JIBU: Linki za stabilaiza (vifimbo vinavyounganisha chuma cha kuzuia gari kulala upande na sasupensheni), karibu kila mara. Shika linki kwa mkono gari likiwa chini, uitikise. Ikicheza, badilisha zote mbili. Sauti nzito inayopiga mara moja ni bushi au boljointi (kiungo cha tufe cha mkono wa gurudumu), hiyo usiiahirishe.

SWALI: Subaru yangu ya tabo inagogota asubuhi za baridi, ikipata moto inanyamaza. Niendelee nayo?
Msomaji, Njombe

JIBU: Ikinyamaza kabisa ndani ya dakika chache, kuna uwezekano mkubwa ni pistoni inayocheza kwenye silinda kabla haijatanuka. Injini nyingi za EJ (aina ya injini za Subaru) huishi nayo miaka. Sauti ya kuogopa ni kinyume chake: nzito, ya chini, inayozidi injini ikipata moto kwa sababu oili imekuwa nyepesi, na inayosikika wazi ukipandisha RPM hadi 2,500 kisha ukaachia. Hiyo ni beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki). Zima, usiliendeshe hata hadi gereji, livutwe. Kwa uhakika, mwaga oili kwenye beseni safi juani na ukate filta: vipande vinavyometa kama dhahabu au shaba vinamaliza mjadala. Na pima oili kila wiki gari likiwa limepoa. Kutoka alama ya juu hadi ya chini ni kama lita 1, na injini hii hubeba kidogo zaidi ya 4 tu.

SWALI: Subaru Forester XT, otomatiki. Linavuma kuanzia 60, na nikikata kona kali mahali pa kuegesha linashika kama nimekanyaga breki. Mwezi uliopita nilibadilisha tairi moja lililopasuka.
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Dada au kaka, hilo tairi moja ndilo tunaloliangalia. Magurudumu yote manne yanaendeshwa, na mzingo wa tairi usitofautiane zaidi ya milimita 6. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha katikati ya kila tairi likiwa juu ya jeki yenye stendi, andika namba. Tairi jipya lenye kina cha milimita 8 likikaa na matatu yaliyobaki na milimita 4, tofauti ya mzingo inafika karibu milimita 25. Klachi ya ndani ya giaboksi inateleza kila mita unayokwenda, inachemka.

Forester nyingi za otomatiki za miaka hiyo zina kikasha cha fyuzi chenye maandishi FWD (yaani magurudumu ya mbele pekee yanaendeshwa) ndani ya boneti. Tia fyuzi hapo kwa majaribio mafupi. Taa ikiwaka kwenye dashibodi, nguvu ya nyuma imekatwa. Kona ikiwa laini, kosa lipo kwenye klachi ya nyuma au tairi. Weka tairi nne zinazolingana, badilisha oili ya giaboksi, kisha jaribu kabla ya kukubali kufungua chochote.

Mvumo upime hivi: barabara ikiwa wazi, yumbisha usukani taratibu. Ukizidi unapoelekea kulia, uzito umekwenda kushoto, kwa hiyo shuku beringi ya kushoto. Usipobadilika, pitisha kiganja juu ya tairi mbele na nyuma. Likikwaruza upande mmoja kama meno, linavuma lenyewe. Beringi mpya iingizwe kwa presi, isigongwe kwa nyundo, na nati ya ekseli ikazwe kwa kipimo kabla gurudumu halijagusa chini, la sivyo uzito wa gari unaiharibu siku hiyohiyo.